Mkono wa Kupokelea

Binti yangu Jumwa ni mashoto. Nalisema mapema nisije nikaonekana nalificha, maana nimelificha miaka mingi kweli. Anaandika kwa kushoto, anakata mboga kwa kushoto, na mkuki anaurusha kwa kushoto, tena mbali kuliko mwanamke yeyote aliyezaliwa Kwale hii.

Kwetu sisi, kitu hutolewa kwa kulia na hupokewa kwa kulia. Kushoto kuna kazi zake, na kazi hizo hazitajwi mbele ya chakula. Ukimpa mtu mzima kitu kwa kushoto, umemtukana. Ukipokea kwa kushoto umemtukana zaidi, kwa sababu umemwambia alichokupa ni uchafu. Mimi nililelewa hivyo huko Kinango, kwenye ukame na mbuzi, na nilipohamia Mwabungo nikapata kazi ya bustani katika hoteli moja ya Diani, nilihama na adabu zangu zote. Wazungu walikuwa wakinipa bakshishi kwa kushoto nami nikipokea kwa kulia, na moyoni nikiwahesabu kuwa hawakulelewa.

Basi Jumwa alipokuwa na miaka minne, nilichana leso kuukuu ya mama yake nikawa namfunga huo mkono ubavuni kila tukikaa kula. Alikuwa halii. Ananitazama tu, huku tonge linamponyoka mkono wa kulia na kumwangukia miguuni. Sidi, mke wangu, siku moja aliweka sufuria chini akasema, "Baba Jumwa, huo mkono ameuumba aliyeuumba wako." Nilimwambia anyamaze ale.

Jumwa alijifunza kula kwa kulia. Mengine yote yalibaki kushoto. Shuleni kulikuja mwalimu wa bara, Mwalimu Concepta, asiyejua mambo yetu wala hakutaka kuyajua, akampa ufito wa mwanzi aurushe. Nasikia ulivuka uwanja wa mpira ukaingia shambani kwa watu. Nasema nasikia kwa sababu sikuwapo. Alishindana wilaya, mkoa, hata taifa, na sikwenda kumtazama hata siku moja. Watu wakiniuliza nilisema kazi imenibana. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu mwanangu asimame mbele ya umati akifanya jambo la maana kwa mkono ule.

Halafu Sidi akafa. Ni miaka minane sasa.

Siku ya hanga, yaani matanga yake, uwanja wetu ulijaa mikeka na watu kutoka Kinango, Lunga Lunga, kila mahali. Jumwa alikuwa amefika kutoka kambi ya mazoezi huko bara, hajalala siku mbili, anahudumia wageni. Akanijia na birika la chai mkono wa kulia na kikombe mkono wa kushoto. Akanimiminia, akaninyoshea kikombe. Mtu mwenye akili angeona birika ni zito na la moto, na mkono mmoja hauwezi kazi mbili. Mimi niliona kushoto. Niliona wakwe zangu wananitazama. Nikasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Mama yako hajamaliza siku tatu mchangani, nawe waniletea kushoto mbele ya watu?" Nikakichukua kile kikombe nikaimwaga chai chini, karibu na miguu yake.

Aliweka birika mkekani taratibu. Akaingia ndani akatoka na begi lake. Hakuaga. Ndugu yangu mdogo, Fondo, alimfuata hadi barabarani akarudi peke yake. Mwaka uliofuata tulisikia yuko Ureno, amepata klabu ya riadha katika mji ulio kando ya bahari. Salamu zake zilikuwa zikimfikia Fondo, na Fondo akinieleza, nami nikiitikia "haya" kisha naendelea na jembe langu.

Nilistaafu. Nikabaki na nyumba, mihogo, na huo mdomo wangu ambao watu wameuzoea.

Mwaka huu, mwezi wa sita, alinijia bwana mmoja mwenye kipara, anaitwa Cliff, fundi wa mitambo kutoka Nairobi. Alifika na Fondo. Cliff akakaa kwenye kigoda akanieleza mambo ambayo ilibidi ayarudie mara tatu. Kulikuwa na mashindano yaitwayo Michezo ya Pwani za Dunia. Safari hii hayakuwa na mji mmoja wa kuyapokea. Wanamichezo wamegawanywa miji kumi na minne katika mabara matano, kila mmoja atashindana huko aliko. Lakini ufunguzi walitaka uwe mmoja, watu wote mahali pamoja.

"Mahali gani?" niliuliza.

"Hapo sasa, mzee. Hapako," alisema Cliff. "Uwanja tumeujenga ndani ya kompyuta. Ukivaa miwani yetu unajiona uko ndani, na wenzako wa Brazili, Japani, kila place, wako hapo na wewe. Hao wengine watawatch kwa simu."

Akasema kutakuwa na mwenge. Kila nchi, mwanamichezo mmoja ataupokea kisha atampa mtu mmoja wa nyumbani kwao, na huyo wa nyumbani ataupeleka kwa mwanamichezo wa nchi inayofuata. Kila mtu ana sekunde kumi na mbili. Kisha akatoa karatasi. Fondo akaisoma, akaisoma tena. Palipoulizwa ungependa nani apokee moto kutoka kwako, Jumwa alikuwa ameandika: Baba yangu, Mzee Ziro wa Mwabungo.

Nilinyanyuka nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama kati ya mihogo mpaka macho yalipokauka. Niliporudi nilimwuliza Cliff kama naweza kuzungumza na mwanangu kabla ya siku yenyewe. Akatikisa kichwa. Wakubwa wake walikuwa wamekataza. Walitaka watu waonane pale pale kwa mara ya kwanza, ili dunia ione nyuso zao. Nami, ambaye miaka minane nilikuwa na simu mfukoni na namba ya mwanangu ndani yake, nilikasirika kwamba nakatazwa.

"Na huo mwenge hupokewa kwa mkono gani?" nikauliza.

"Wowote, mzee. Mashine haijui kulia wala kushoto."

Neno hilo liliniingia. Mimi si mtu wa kuomba radhi kwa mdomo. Mdomo wangu umezoea kukemea, nikijaribu kuomba hutoka amri. Lakini mkono ninao. Niliamua kwamba siku hiyo, mbele ya dunia nzima, mbele ya Wakinango wote waliokuwapo siku ya hanga, mimi Ziro nitapokea moto wa mwanangu kwa mkono wa kushoto. Wake niliufunga kwa leso ya mama yake, sasa mimi nitaunyosha wangu kama ule. Ataelewa. Jumwa hakuwa mtoto mjinga.

Nilifanya mazoezi wiki tatu. Nilikata kipande cha mpini wa jembe, nikakichomeka kwenye uma wa mti nyuma ya nyumba, nikawa nakiendea na kukichukua kwa kushoto. Msicheke. Miaka sitini na minane mkono huo haujapokea kitu cha mtu. Ulikuwa mgumu, mzito, na ule wa kulia ulikuwa ukichomoka wenyewe kabla sijauambia. Ikabidi niufunge ubavuni kwa shuka. Nilisimama pale kati ya mihogo, mzee mzima nimejifunga mkono, tonge la ubao linaniponyoka na kuangukia miguuni, na ndipo nilipolia kama nilivyopaswa kulia tangu hapo.

Fondo sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu, na nitalirudia kulisema. Nilitaka iwe siri yangu na mwanangu.

Siku ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, katika ukumbi wa hoteli moja Diani. Watu walijaa. Akina mama wa Mwabungo walikuja na leso za sare, Abdulwahab, afisa wa michezo, alivaa koti la suti joto lote lile, na Fondo alikaa mstari wa mbele chini ya skrini kubwa. Nyuma yangu walitandaza kitambaa cha kijani. Cliff akanivisha miwani, nzito kama kofia ya pikipiki, akaniwekea kipaza sauti shavuni, na mkononi hakunipa kitu. "Ukifunga vidole, moto unakuja kwako," alisema. "Sauti itachelewa kidogo kwenda, sekunde mbili hivi. Usijali, iko sawa."

Akawasha.

Sitajifanya sikushangaa. Ukumbi uliondoka. Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja mkubwa wa nyasi, na nyasi mimi nazijua, zilikatwa vizuri. Pembeni yangu walisimama watu wa kila rangi, mamia kwa mamia, na nyuma yao maelfu. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye nguo nene za baridi, ananipungia mkono. Kulikuwa na mzee mwenzangu mnene wa visiwa huko, amevaa shada la maua, anajifuta macho hata zamu yake haijafika. Nilisema, "Hamjambo nyote?" Hawakuelewa, lakini wote walipunga. Nikawaza kwamba Sidi angekuwapo angewaalika chakula. Niliwapenda watu wale, nasema kweli. Nilisahau kabisa kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwapo pale.

Moto ulianza kutoka mbali, unahama mkono kwa mkono. Niliuona unakuja. Kisha watu walio mbele yangu wakapisha, na Jumwa akawa amesimama hatua mbili tu kutoka nilipo.

Amenenepa mabega. Ana mstari kwenye paji la uso, pale pale mama yake alipokuwa nao. Alikuwa amejifunga leso juu ya nguo zake za michezo. Akapinda goti kidogo, kama tulivyomfundisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," nilijibu, na sauti ilitoka nyembamba.

Alitabasamu. Akaninyoshea moto. Na mkono wangu wa kushoto ulikwishaondoka. Wiki tatu nilikuwa nimeufundisha hivyo, ukisikia moto uende, nao ulikwenda. Ulikuwa njiani nilipoona kwamba Jumwa ameushika mwenge kwa mkono wa kulia. Wa kulia, na ule wa kushoto ameukinga chini ya kiwiko, kwa heshima kamili, kama mtu anavyompa mkwewe.

Ningeweza kubadilisha mkono. Nafasi ilikuwapo, labda sekunde moja. Lakini nyuma yangu nikamsikia Fondo, ambaye alikuwa anatazama skrini na kuona balaa inatokea, amesimama anapiga kelele, "Kaka, kulia! Kaka, kulia! Kulia!"

Mimi nikielekezwa mbele ya watu hupandwa na hasira. Ndivyo nilivyo. Nilimkemea bila kugeuka, kwa sauti ile ile ya siku ya hanga:

"Niache! Huyu anastahili kushoto!"

Nikafunga vidole. Moto ukaja kwangu.

Kwa nilivyokusudia mimi, lile lilikuwa neno zuri kuliko yote niliyowahi kusema juu yake. Anastahili. Nililitoa kama mtu anayetoa zawadi. Na Jumwa alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu sauti ilikuwa haijafika. Nilimwona anatabasamu nami nikatabasamu. Moja. Mbili.

Kisha ikafika.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni kwa muda, halina kazi, kama mtu aliyesahau kushusha mkono baada ya kuaga. Alitazama mkono wangu. Akaushusha wake. Aliinamisha kichwa kidogo kama anayekubali jambo, na sekunde zake kumi na mbili zikaisha, akaondolewa.

Mahali pake alisimama kijana mrefu wa nchi nyingine, sikumbuki ipi, anayesubiri mwenge wake. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilitaka kumpisha mtu huyu upesi nimtafute mwanangu. Nikampa moto, na mikono yangu, ambayo haikuwa imefundishwa kutoa kwa kushoto bali kupokea tu, ikarudi kwenye ada yake. Mgeni yule nilimpa kwa kulia, na kushoto nimekukinga chini ya kiwiko.

Ukumbini walipiga makofi na vigelegele. Abdulwahab alinikumbatia akasema nimeiletea kaunti sifa. Nilimtazama Fondo. Alikuwa ameketi, amefunika uso kwa kofia yake, na kina mama waliokuwapo siku ya hanga walikuwa hawapigi makofi.

"Kaka," Fondo aliniambia tulipotoka nje, "ulimwekea kinyongo miaka minane?"

Nilimweleza. Palepale kwenye maegesho, kwenye jua, nilimweleza habari ya mpini wa jembe na mihogo, na alipoelewa alinishika bega. Tukampigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Tukapiga tena. Kabla ya magharibi ukaja ujumbe kwa Fondo, naye akanisomea polepole:

"Baba mdogo, shikamoo. Mwambie baba nimemsikia. Nilifanya mazoezi mwezi mzima kumpa kwa kulia, nisimwaibishe tena. Nilidhani kikombe kile kilikuwa cha msiba tu, kumbe ndivyo anavyoniona. Nimeona aliyenifuata amepewa kwa kulia. Sina kinyongo. Msinipigie tena, tafadhali. Nina mashindano."

Nilirekodi sauti nimtumie. Nilizungumza dakika nne, na nilipoisikiliza nilisikia mzee anafoka, "Hukuelewa, Jumwa, hukuelewa!" Nikaifuta. Nikatuma nyingine, fupi: nisamehe. Alama ikabaki moja, haijamfikia. Mpaka leo ni moja. Fondo anasema huenda alibadilisha namba. Tulimpigia mtu wa klabu yao, akatuambia kwa upole kwamba mwanamichezo ameomba asisumbuliwe na jamaa zake. Mashindano yenyewe alikuwa wa sita. Fondo alinionyesha kwenye simu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akirusha. Ule mkono ukienda nyuma halafu ukija mbele, sijaona kitu kimenyooka kama kile, na mimi nilitaka kuukata.

Jumanne nilikwenda Diani peke yangu. Cliff alikuwa anafunga vyombo kwenye masanduku. Nilimwuliza kama zile sekunde zetu bado anazo. Akasema anazo zote, hata za majaribio, akanionyesha kwenye kompyuta majaribio ya Jumwa kule Ureno. Ananyosha mwenge wa mbao wa kujifunzia kwa kulia, unamponyoka. Anauokota. Unamponyoka tena. Watu wa huko wanamwonyesha kwa ishara autoe kwa kushoto, mkono wake hodari, naye anacheka anakataa, anasema kwa Kiswahili ambacho hapana mtu pale aliyekielewa, "Baba yangu hapokei kushoto."

"Hii uliiona lini?" nilimwuliza Cliff.

"Wiki mbili kabla, mzee." Alikuna kipara. "Nilidhani ni story zake tu. Kwetu huko hatuangalii mkono."

Sikumkasirikia. Nilikuwa nimemaliza hasira zote nilizopewa.

Nilimwomba anivishe ile miwani mara moja kabla hajaifunga. Akanivisha. Nyasi zikarudi, na bibi wa nguo nene akanipungia tena, na mzee wa maua akajifuta macho tena, mahali pale pale. Wakapisha. Jumwa akapinda goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama," nilimwambia, na safari hii sauti ilitoka vizuri.

Akatabasamu, akaninyoshea. Nilinyosha mkono wa kulia, na kushoto nikakukinga chini ya kiwiko. Nilifunga vidole na moto haukuja, maana ulikuwa umekwenda zamani kwa ule mkono mwingine. Nikasikia Fondo anaanza kupiga kelele. Nikajisikia mwenyewe navuta pumzi.

"Cliff," nilisema, "simamisha hapo."

Akasimamisha. Jumwa akabaki mbele yangu ananitabasamia, sauti yangu haijamfikia.